Fundi wa risasi laini asiyeitika akiitwa

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu. Katika uchochoro mmoja wa Mkunazini, mwandishi wa makala haya amesimama mbele ya mlango ulio nusu wazi na anapiga hodi kwa mara ya tatu. Ndani anaonekana mtu wa makamo, kofia kichwani na miwani puani, amekaa nyuma ya meza ndefu. Macho yake hayatoki kwenye kijiko kidogo cha shaba alichokishika kwa vidole viwili.

"Hodi! Fundi Simai! Hodi jamani!"

Hakuna jibu. Mtu yule anamimina chembe za kijivu ndani ya ganda la risasi, anaweka kijiko chini, anachukua ganda jengine. Kwamba anasikia ni dhahiri, maana bega lake limeshtuka. Lakini haitiki.

Mwandishi amezaliwa mji huu huu, na hapa mtu akiitwa kwa jina lake huitika, hata kama ana tonge mdomoni. Kumwacha mgeni abishe hodi mara tatu ni jambo la kuhadithiwa barazani wiki nzima. Mwandishi alikasirika, na haoni haya kusema hivyo.

"Mwache, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke mzee kutoka baraza ya ndani, pembeni mwa mlango. "Huoni kitambaa?"

Kitambaa kilikuwapo kweli. Kipande chekundu cha kanga kuukuu kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wa mlango, na mwandishi alidhani kimeanikwa.

"Kikiwapo hicho, mwanangu Simai ana baruti mkononi. Haitiki hata akiitwa na Mfalme. Kaa kitako, kahawa ipo. Na maadamu umekaa, hebu nitungie uzi."

Mwenye sauti alikuwa Bi Wanu, mama wa Fundi Simai, mwenye umri wa miaka sabini na kitu. Anashona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa hariri. Mikono yake haijachoka, ila macho hayalioni tena tundu la sindano. Mwandishi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatunga uzi, akanywa kahawa, na hasira zikapungua.

Baada ya nusu saa kitambaa kikaondolewa. Fundi Simai Duni akatoka akiwa na uso wa bashasha na kunyoosha mkono.

"Niwie radhi, bwana. Nimekusikia tangu hodi ya mwanzo. Nilikuwa nshajaza maganda thelathini na manne."

Mwandishi akampongeza kwa kazi ya asubuhi.

"Kazi gani? Nshayamwaga yote. Nnaanza upya."

Alipoulizwa sababu, ilhali hakumjibu mtu, Fundi Simai alicheka kidogo.

"Sikuitika kwa mdomo, lakini moyo uliitika. Moyo ukishaitika, hesabu siiamini tena."

Kwa hiyo wasomaji wajue kwamba adabu ya mwandishi huyu ilimtia fundi hasara ya asubuhi nzima kabla hata hawajasalimiana.

Fundi Simai ana miaka arobaini na tisa. Kazi yake ni kutengeneza bunduki, na leseni yake imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo. Wateja wake wengi ni wasasi wanaowinda nguruwe kwenye mashamba ya kusini. Lakini kazi iliyomleta mwandishi ni nyengine, na pengine hakuna mwengine kisiwani anayeifanya. Huwatengenezea risasi laini za kujifunzia walinzi wa kikosi kinachosindikiza misafara ya mishahara ya mashambani.

Walinzi hao hubeba bastola za matundu sita ya kutilia risasi. Ni bastola nzito, na risasi zake za kiwandani zina nguvu nyingi.

"Ina teke la punda," anasema Fundi Simai. "Mtu akishapigwa teke mara tano, ya sita hangoji apigwe. Anafumba macho, anakaza mkono, mtutu unainama kabla hajafyatua. Risasi inakwenda mchangani. Mwalimu anamwambia, wewe huna shabaha. Shabaha anayo, bwana. Anachokosa ni utulivu."

Dawa yake ni kupunguza teke. Maganda yaliyokwishapigwa huokotwa uwanjani, huoshwa, hukaushwa kwenye sinia, kisha hutiwa fataki mpya ya kuwashia baruti. Fundi humimina baruti kidogo kuliko ya kiwandani, na juu yake hutia kichwa chepesi cha risasi alichokiyeyusha mwenyewe. Bastola hulia, karatasi hutoboka, lakini mkono haurushwi. Mtu akishazoea kufyatua akiwa macho wazi, ndipo hupandishwa polepole mpaka afike kwenye risasi zenyewe.

Ukiyasikia hivyo utadhani ni kazi ya mchezo. Mwandishi alidhani hivyo hivyo mpaka alipooneshwa ganda tupu na baruti inayotiwa ndani yake. Ganda ni refu, baruti ya risasi laini ni kidogo, inafunika chini tu. Nafasi inayobaki inatosha kutia kipimo cha pili juu ya cha kwanza, na kichwa kikaingia vizuri, na risasi ikaonekana sawa na wenzake.

"Hapo ndipo penye mauti," alisema fundi, akalirudisha ganda mezani.

Siku hizi ana utaratibu ambao haupindi. Maganda matupu hukaa yamepinduliwa, midomo chini, kwenye ubao wa kushoto. Moja hupinduliwa, hujazwa, huhamia ubao wa kulia, ndipo la pili hushikwa. Yakimalizika, huchukua njiti ya chelewa iliyokatwa kutoka kwenye ufagio, yenye alama ya wino, akaitumbukiza ndani ya kila ganda aone baruti imefika wapi. Wakati wote huo hasemi, haitiki, wala hageuki. Akikatizwa, humwaga kila kitu. Siku ya Ijumaa hagusi kazi kabisa.

Utaratibu huu una miaka miwili tu. Kabla ya hapo Fundi Simai alikuwa akiitika kama watu wote.

Alizaliwa Chwaka. Baba yake alikuwa msasi, akiwinda nguruwe waliokuwa wakifukua mihogo ya watu, na teke la gobori lake lilimwachia bega jeusi siku zote. "Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto kila usiku. Nilikuwa mdogo, nikajiuliza, hivi lazima mtu aumie ili nguruwe afe?" Alipofika umri wa miaka kumi na tano alikuja mjini, akajiunga na fundi bunduki wa Kihindi aliyekuwa na duka hapo hapo Mkunazini. Alifagia na kupiga tupa kwa miaka tisa kabla ya kuruhusiwa kushika baruti. Yule bwana alipofariki alimwachia vifaa vyake. Leo, mwezi ukiwa mzuri, Simai hupata kama shilingi mia na sitini, na anasema zinawatosha yeye na mama yake. Mkewe alifariki zamani na hakuoa tena.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Shaaban, alijaza risasi sitini siku ya Jumapili. Jumanne yake zikapelekwa uwanja wa shabaha wa Chukwani. Mlinzi kijana aliyeitwa Pandu Mcha, mzaliwa wa Paje, alikuwa akijifunza. Alipiga ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne ilipasua bastola.

Pandu alipoteza ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilipasuka mfupa, na nyusi ikachanika mpaka karibu na jicho. Alilala hospitali wiki sita.

Wakubwa wa kikosi waliitazama ile bastola wakasema chuma kimechakaa. Jambo lingeishia hapo. Fundi Simai akachukua risasi zilizobaki, akazing'oa vichwa moja moja, akaziona zote ziko sawa, lakini alipopima baruti iliyobaki akaona kimepungua kipimo kimoja zaidi ya hesabu. Asubuhi yake alivaa kanzu nyeupe, akaenda ofisini kwa mkubwa wa kikosi.

"Nilimwambia, chuma hakina kosa. Ni mimi. Nilitia baruti mara mbili kwenye ganda moja, kwa sababu niliinuka katikati ya kazi, na niliporudi nikasahau nilipofikia."

Mwandishi alimwuliza aliinuka kwa sababu gani.

Fundi Simai alivua miwani, akaifuta kwa shuka yake, akaivaa tena.

"Niliinuka tu. Andika hivyo."

Pale kwenye baraza ya ndani, Bi Wanu alikuwa akishona. Sindano yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Ruhusa ya kujaza risasi za kikosi alinyang'anywa kwa miezi tisa. Aliyemrudisha ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Pandu mwenyewe. Mkono ulipopona, Pandu aligundua kwamba hawezi tena kupiga. Kila akishika bastola macho hufumba yenyewe na mtutu huinama. Kanuni ya kikosi inataka kila mlinzi apite mtihani wa shabaha, na mpaka wiki hii Pandu alikuwa ameshindwa mara mbili. Mtihani wa tatu ulikuwa wa mwisho. Asipopita, angeondolewa kazini, na sasa mkewe, Mwamvua, ana mimba ya miezi saba.

Kabla miezi ile tisa haijaisha, Pandu alikuwa amemwandikia mkubwa wa kikosi barua kuomba afundishwe na Fundi Simai.

"Watu walisema nna wazimu," Pandu alimweleza mwandishi. "Mtu kakukata kidole, kisha unakwenda kwake akakufunze? Nikawaambia, Unguja nzima huyu ndiye mtu mmoja ambaye nnajua hatokosea tena. Wengine wote bado hawajajua kukosea kukoje."

Mtihani huo ulikuwa Jumatano wiki hii. Jumanne mwandishi alifuatana nao Chukwani kwa mazoezi ya mwisho.

Uwanja wenyewe ni mchanga na nyasi, mbele kuna tuta refu la udongo, na bendera nyekundu kuwatahadharisha wapita njia. Fundi Simai alifungua kisanduku chake, akachagua risasi sita kutoka safu mbalimbali, akazitia kwenye bastola. Pandu alisimama nyuma yake, mikono kifuani, anatazama. Fundi akapiga zote sita kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya moja, bila haraka.

Ndivyo afanyavyo kila siku tangu aliporudishwa. Risasi za mkono wake, mkono wake ndio wa kwanza kuzipiga. Hakumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Haya, mwanangu. Zamu yako."

Pandu ni mtu mrefu, mwembamba, anayependa mzaha akiwa mbali na bastola. Akiishika, mzaha humtoka. Alipiga sita laini, na tano zilitoboa duara jeusi. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu aliyefunga kabati kwa nguvu. Mkono haukuruka.

Kisha likaja zoezi ambalo Pandu analichukia kuliko yote. Fundi alimgeuzia mgongo, akajaza bastola kwa siri. Baadhi ya matundu yalipata risasi laini, baadhi za kiwandani, na tundu moja likapata ganda tupu lisilo na kitu. Pandu hakujua ipi iko wapi.

Ya kwanza ililia kwa nguvu. Ya pili ikawa laini. Ya tatu ikawa ya nguvu. Kwenye ya nne Pandu alivuta pumzi, akafyatua, na bastola ikasema "ta" tu. Lilikuwa lile ganda tupu. Na hapo kila mtu aliona: bastola haikulia, haikuwa na teke, lakini mtutu uliinama chini kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye hotuba.

"Umejiona?" aliuliza Fundi Simai, kwa upole.

"Nimejiona, ami."

"Nani kakupiga?"

"Hakuna."

"Basi uliinama kwa nani?"

Pandu alitazama ncha isiyokuwapo ya kidole chake, akacheka kwa aibu.

"Ni ya nne, ami. Tatu nnazipiga mimi. Ikifika ya nne, nnakuwa siko hapa, nnakuwa kule kule."

Walirudia zoezi hilo mara sita. Fundi alilihamisha ganda tupu kila mara, lakini mtutu uliinama kwenye ya nne, hata ya nne ilipokuwa risasi. Mara ya sita uliinama kidogo mno, pengine upana wa ukucha. Fundi alisema yatosha, asimchoshe.

Wakati wakifunga vifaa alimkumbusha jambo moja. "Laini zangu hupiga chini, upana wa kiganja. Umezoea kuinua kidogo. Kesho ni za kiwandani, usiinue. Lenga katikati."

"Nnajua, ami. Ushanambia mara mia."

"Ya mia na moja hii. Usiinue."

Wakati wa kurudi mjini, walipofika Mnazi Mmoja, Fundi Simai alimgeukia mwandishi, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto yule akikosa kesho, mimi ndiye niliyemkosesha. Si kesho. Tangu siku ile."

Jumatano, saa tatu asubuhi, uwanja ulikuwa na watu kama kumi na tano. Mkubwa wa kikosi, Mzungu, alikuwapo na daftari. Masharti ni risasi kumi na nane, na zisizopungua kumi na mbili ziingie kwenye duara. Risasi zilitoka kwenye sanduku jipya la kiwandani, na Fundi Simai hakuruhusiwa kugusa wala kusema. Aliambiwa asimame nyuma ya kamba ya pembeni, akasimama, kanzu nyeupe na mikono nyuma.

Pandu alipiga ya kwanza. Mwangalizi akapunga bendera: imepita juu. Ya pili, juu. Ya tatu, juu.

Alikuwa akiinua. Maonyo yote mia na moja yalikuwa yameingia sikio moja yakatokea jengine. Mwandishi alimtazama Fundi Simai na kuona midomo yake imefunguka, kisha akaifunga. Neno moja tu lingetosha, na hakuwa na ruhusa ya kulisema. Mwandishi anakiri kwamba yeye mwenyewe alitaka kulipigia ukelele.

Na iliyofuata ilikuwa ya nne.

Pandu aliteremsha mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka mkubwa wa kikosi akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Hakugeukia kamba. Alitazama mchanga, akatazama karatasi, akajifuta kiganja kwenye suruali. Kisha akainua bastola tena, safari hii chini kidogo kuliko mwanzo, na watu waliokuwa karibu walimsikia akisema "Bismillahi."

Mlio ukatoka. Mkono uliruka kama unavyoruka mkono wa mtu yeyote, baada ya risasi, si kabla. Bendera ya mwangalizi ikashuka: ndani.

Ya tano ndani, ya sita ndani. Katika kumi na mbili zilizobaki alikosa mbili tu, moja kushoto na moja chini. Jumla ziliingia kumi na tatu. Mkubwa wa kikosi aliandika, akafunga daftari, akampa mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba arudi kazini Jumamosi.

Pandu alikuja moja kwa moja kwenye kamba.

"Ami, ya nne uliiona?"

"Niliiona."

"Macho yalikuwa wazi."

"Nliyaona, mwanangu. Nliyaona yote mawili."

Wakashikana mikono, ule wenye kidole kifupi na ule uliokifupisha, na hawakuachiana upesi. Fundi Simai alilia mbele ya watu na hakujificha. Pandu naye alianza kumtania kuhusu kanzu yake, kwamba kaja kama anayekwenda kuposa.

Mwandishi alimwuliza fundi ana mpango gani sasa. Alisema angependa kila mlinzi mgeni aanze na risasi laini kwa mwezi mzima, kabla hajaijua ile ya kiwandani, ili woga usipate pa kuingilia. Pia anataka kuwatengenezea wasasi wa Paje na Makunduchi risasi za aina hiyo, wajifunzie bila kuumia mabega. "Kama baba angalikuwa hai, ningalimtengenezea yeye kwanza." Na ile njiti ya chelewa atamfundisha yeyote mwenye leseni atakayekuja kujifunza, bure.

Hapo makala haya yangekwisha, na mwandishi alikuwa amekwisha kukunja karatasi zake. Lakini jioni ya Jumatano, baada ya alasiri, alipita tena Mkunazini kumpelekea Bi Wanu habari. Fundi Simai alikuwa hajapita nyumbani tangu asubuhi, na sasa alikuwa bado msikitini. Bi Wanu alikuwa peke yake kwenye baraza ya ndani, kofia mapajani.

"Kafaulu?"

"Kafaulu, Bi Wanu. Kumi na tatu."

Alisema alhamdulillahi mara tatu, kila moja polepole kuliko iliyotangulia. Kisha akampa mwandishi sindano na uzi. Mwandishi akatunga.

"Hukuniuliza," alisema Bi Wanu, "kwa nini sindano nnakupa wewe, mpita njia, na mwenye macho yumo mwangu ndani."

Mwandishi alisema alidhani ni kwa sababu ya kitambaa chekundu.

"Hata kitambaa kisipokuwapo. Mwaka wa pili huu simwiti. Nnawangoja watoto wa jirani, nnawangoja wauza samaki, nnakungoja wewe. Skiza nikwambie. Siku ile, Jumapili ile ya Shaaban, mimi ndiye niliyemwita. Uzi ulinitoka. Nikaita, Simai! Akaitika, naam mama, akaja mbio kama alivyokuja siku zote. Kijiko cha baruti kakiuma kwa meno ili mikono iwe mitupu. Akanitungia, akarudi. Jumanne tukasikia ya Pandu."

Alivuta uzi, akautazama kama anayepima urefu.

"Nilipomuona ana kijiko mdomoni nilicheka. Nilimwambia, umekuwa kama paka aliyeiba. Nnakumbuka kila kitu."

Mwandishi alimwuliza kama amewahi kumwambia mwanawe kwamba anajua.

"Nimwambie vipi? Kwa wakubwa kasema kainuka tu. Kwako kasema kainuka tu, nimesikia mwenyewe. Ananificha mimi, mtu asije akasema mama yake ndiye sababu. Nikimwambia uso kwa uso atakana. Na mimi kwa vile nnavyompenda nitajifanya nimeamini, na sote wawili tutarudi pale pale. Miaka miwili tunakula sinia moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kimoja hicho hicho."

Kisha akasema lililomfanya mwandishi afungue tena karatasi zake.

"Kila Ijumaa akitoka msikitini hunisomea gazeti, hapa hapa nilipokaa. Haruki kitu. Husoma mpaka matangazo ya meli. Basi yaandike haya."

Mwandishi alimwuliza mara mbili kama ana hakika, maana jambo likishapigwa chapa halifutiki, na mji mzima utalisoma.

"Mwanangu, mji mzima ndio ulionila nyama kwa kunisengenya kuwa nna mtoto asiyeitika. Na waujue ukweli. Kwani wino wako wa bei gani?"

Kwa hiyo yameandikwa, kama alivyoyasema. Leo ni Ijumaa, kitambaa chekundu hakipo mlangoni, na ikiwa Fundi Simai hakuruka kitu, basi maneno haya anayasoma kwa sauti yake mwenyewe, na anayemsomea yuko mbele yake.

Bi Wanu ameomba mwanawe afikishiwe mambo mawili. La kwanza, asikunje gazeti akasema limekwisha. La pili, amwite mama yake. Amwite mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama alivyokuwa akiitwa yeye. Safari hii mama ndiye atakayeitika, na sindano anayo mkononi, haijatungwa, inamngoja yeye.